Unga wa Safari ya Bukavu

Pale sokoni Kasongo, upande wa mafundi wa nguo, kuna mama mmoja ambaye unamsikia kabla hujamwona. Anashona huku anagombana: na uzi unaokatika, na mteja aliyeleta kipimo cha kiuno cha mumewe kwa kukisia kwa mikono, na waendesha pikipiki wanaopita karibu mno na meza yake. Jina lake ni Marcelline. Watu wengi humwita Mama Gédéon, na mwenyewe hulipenda jina hilo kuliko la ubatizo, maana la ubatizo alipewa bure na padri, hili alilipata kwa uchungu wa siku mbili.

Alizaliwa kijijini, njia ya Kabambare, kwa wakulima wa mpunga waliosema Kibangubangu jikoni na Kiswahili njiani. Akaolewa Kasongo na mwalimu Placide, mtu mpole kupita kiasi, ambaye katika miaka arobaini na miwili ya ndoa hakushinda ugomvi hata mmoja, na sidhani kama alitaka kushinda. Walipata wasichana watatu, wote sasa wameolewa upande wa Lusangi. Wa mwisho akaja Gédéon.

Gédéon alikuwa na shida moja, na bila kuijua hiyo hutaelewa chochote katika habari hii. Hakumeza kidonge. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na malaria, akalazimishwa kidonge cha kwinini, kikamkwama kooni. Kama si baba yake kumgeuza kichwa chini na kumpiga mgongoni, tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Tangu siku ile, akiona kidonge tu, alifunga meno, na hapakuwa na fimbo wala peremende ya kuyafungua. Basi mama yake akapata njia yake mwenyewe. Kila dawa aliisaga kwa chupa, akaichanganya kwenye uji, ule ambao kule wanauita buyi, akatia sukari nyingi, akanyamaza. Mtoto alikunywa, akapona, akakua. Alikua mpaka akawa mwanamume wa kilo sabini na mbili mwenye mabega ya kuzibia mlango, na kila alipokuja nyumbani akikohoa, mama yake alitafuta chupa.

Ngumi alifundishwa na Amisi, mzee anayetengeneza baiskeli karibu na msikiti. Nyuma ya kibanda chake Amisi alitundika gunia la pumba za mpunga, na vijana wa mtaa walikuja kulipiga jioni wakitoka shule. Marcelline alikataa mwaka mzima. Halafu siku moja, bila kumwambia mtu kwamba ameshindwa, alishona kaptula ya kitambaa kinachong'aa, akaandika KASONGO kiunoni kwa uzi mwekundu, akamtupia mwanawe kitandani. Gédéon alifika mbali na kaptula ile. Akahamia Bukavu, kwenye klabu ya ngumi za kulipwa, lakini hakupanda ulingoni hata mara moja bila Amisi kusimama kwenye kona yake. Mzee alikuwa anafunga kibanda na kupanda pikipiki, siku nne za matope, ili akamshikie mtoto wa watu chupa ya maji.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Gédéon alirudi Kasongo kwa misa ya mwaka mmoja wa kifo cha baba yake. Alikuwa na pambano kubwa wiki tatu mbele, mkanda wa ukanda mzima, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Alishuka kwenye pikipiki akitembea kama mtu mwenye mawe ndani ya viatu. Mama yake hakumsalimu kwanza. Aliinama, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale.

"Mutoto wangu, hii miguu iko na nini?"

"Ni njia tu, mama." Akaipigapiga ile pikipiki kitini. "Siku ine ya kuikala juu ya hii moto. Itashuka."

"Ya baba yako nayo ilisema itashuka."

Placide alikufa na miguu iliyovimba, na yeye Marcelline, tangu siku za matanga, alikuwa ameanza kuvimba vilevile, mpaka kanyagio la mashine likawa linamshinda. Muuguzi Hidaya wa kituo cha afya alimpima, akasema ni tension, yaani presha ya damu, akampa vidonge vidogo vyeupe vya mwezi mzima, kimoja kila asubuhi. Marcelline aliviita dawa ya maji, maana vilimpeleka chooni asubuhi nzima. Lakini siku ya tatu tu miguu yake ilikuwa imerudi miguu. Kwa hiyo hakuwa anabahatisha. Alikuwa na ushahidi.

Siku mbili kabla Gédéon hajaondoka, alimtengenezea unga wa safari: mchele wa kukaanga, soya na karanga, vyote vimetwangwa pamoja. Vidonge vilivyobaki vilikuwa ishirini na sita. Alivisaga vyote kwa chupa, akavichanganya na unga kwa mikono miwili mpaka weupe wa vidonge ukapotea ndani ya unga. Hakumwambia mtu. Angesema, mtoto asingekunywa, na angemwuliza yeye atabaki na nini.

"Kila asubui, mbele ya kukimbia," alimwambia akimfungia mfuko. "Hapana kusahau. Na Papa Amisi umupatie naye, muzee anachoka njiani."

Mwezi ule Marcelline alishona mguu mmoja ukiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanyagio akilipiga kwa ule mwingine. Hidaya alipomwuliza kama anakunywa dawa, alijibu ndiyo bila kupepesa macho. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu aliujua kwa uongo pia.

Gédéon alishinda. Si ushindi wa wazi, niseme ukweli. Raundi kumi, wanaume wawili wamevimba nyuso, na waamuzi watatu waligawanyika: wawili walimpa yeye, mmoja akampa mwenzake, bondia kutoka ng'ambo ya ziwa. Upande wa pili ulikataa matokeo pale pale ukumbini. Wakasema ni zawadi ya mwenyeji, wakasema hata kwenye mizani kijana huyu alipunguza kilo kwa namna isiyoeleweka. Huku Kasongo hakuna aliyesikia hayo. Marcelline alipata habari kwa simu akiwa katikati ya mkono wa koti la harusi. Akasimamisha mashine, akafunga kitenge vizuri, akacheza kutoka meza yake mpaka kwa wauza dagaa na kurudi, miguu ile ile.

Wiki nne baadaye majibu ya mkojo aliopimwa baada ya pambano yakatoka. Redio ilisema bondia wa Kasongo amekutwa na dawa, mkanda umesimamishwa, naye amesimamishwa.

Sasa, neno dawa kwetu ni gunia kubwa, linabeba kila kitu. Dawa ya malaria ni dawa, ya panya ni dawa, na ile ya kwa mganga wa porini ni dawa. Kila mtu alitoa ndani ya gunia hilo alichotaka. Vijana walisema dawa ya nguvu. Wengine walisema hirizi imeonekana kwenye mkojo, na kwamba Wazungu sasa wana mashine ya kuiona. Marcelline hakukubali hata moja. Alisimama kanisani baada ya misa, alisimama sokoni, alisimama hata kwenye bomba la maji, akaapa.

"Mutoto wangu hamezake kidonge! Tangu iko na miaka ine! Mbele ya Mungu na mbele ya baba yake ndani ya kaburi, hakuna dawa ilipita ndani ya kinywa ya Gédéon!"

Kina mama wa chama chake cha kanisa waliapa pamoja naye, wote kumi na saba. Na kila mara alipoapa aliamini kwa moyo mweupe, maana alikuwa anafikiria dawa ya nguvu, ya kumwongezea mtu kitu. Ile yake ilikuwa ya kupunguza miguu.

Lakini mtu akiapa hivyo, lazima apate wa kumlaumu. Nani alikuwa karibu na mtoto? Nani alimshikia chupa ya maji? Siku moja ya soko, mwezi wa nane, Marcelline aliacha mashine yake, akaenda mpaka kwa Amisi, akasimama mbele ya kibanda na soko zima likamfuata nyuma.

"Ulimuuza mutoto wangu, Amisi! Nilikupatia yeye muzima, ukamutilia sumu ndani ya maji! Walikupatia nini?"

Alisema mengine ambayo siwezi kuyaandika, maana mzee mwenyewe bado yu hai na wajukuu wake wanajua kusoma. Amisi alikuwa ameshika gurudumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, Mama Gédéon." Akarudi kwenye spoki zake. Watu wakasema, mnaona, hana cha kujibu. Wazazi wakawazuia watoto wao, na jioni gunia la pumba likabaki linaning'inia bila mtu wa kulipiga.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Marcelline alijua msemo huo, ila alidhani ni wa watu wengine.

Hukumu ilitoka mwezi wa kumi na mbili. Gédéon alimpigia simu, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: miaka miwili bila kupanda ulingoni. Alimwambia asijali, anafanya kazi bandarini, anakula vizuri. Alipomwomba karatasi yenyewe, Gédéon alisema imepotea. Karatasi haipotei siku inapotoka. Marcelline akamsumbua mjukuu wake Sarah-Grâce, anayesoma Bukavu, mpaka msichana akaenda klabuni, akaipiga picha, akaituma kwenye simu ya bibi yake. Ilikuwa ya Kifaransa. Akaipeleka kwa Hidaya.

Hidaya alisoma akitafsiri mstari kwa mstari, halafu katikati akasimama.

"Mama, mbele ya kuendelea, niambie. Dawa yako ya miguu inaitwaka gani?"

"Dawa ya maji. Si weye ndiye unanipatiaka?"

"Jina yake."

"Mi nitajulia wapi jina yake? Iko nyeupe, iko kadogo."

Hidaya alikwenda kabatini, akarudi na kopo la vidonge, akaliweka kando ya simu. Marcelline hakujua Kifaransa, lakini herufi alizijua, kwa kuwa alikuwa ameshona majina kwenye sare za shule miaka ishirini. Akaweka kidole kwenye kopo, akaweka kidole kwenye simu. F na F. U na U. R na R. Akaenda hivyo, herufi baada ya herufi, mpaka neno likaisha pande zote mbili kwa pamoja.

"Lakini hii haiko dawa ya nguvu," akasema polepole. "Hii ni ya kutosha maji ndani ya miguu, iende inje."

"Wanaikataza vilevile, mama. Mutu wa ngumi akitaka kupunguza kilo mbio, anakunywaka hii. Tena inafichaka zingine ndani ya mukojo." Kisha Hidaya akauliza, kwa sauti ya chini, "Ulimupatia Gédéon?"

Marcelline aliona mikono yake miwili ndani ya unga. Aliona kina mama kumi na saba wakiinua mkono. Akamwona Amisi ameinamisha kichwa. Aliona aibu hadi akatamani sakafu ya kituo kile impe nafasi.

"Soma yenye inabakia," akasema mwishowe.

Yaliyobaki yalikuwa machache. Adhabu ingeweza kupunguzwa kama bondia angeonyesha dawa iliingiaje mwilini mwake. Bondia alisema hajui. Alikuwa na siku ishirini na moja za kukata rufaa, na kumi zilikwisha pita. Baada ya miaka miwili Gédéon angekuwa na thelathini na mitatu, na hakuna anayempa bondia wa umri huo pambano baada ya kukaa hivyo. Kila kitu kilisimama kwenye siku kumi na moja na kwenye jambo moja ambalo yeye peke yake alilijua.

Alikwenda moja kwa moja kwa Amisi. Alikuwa amekusudia kupiga magoti, lakini miguu haikukubali, akaketi tu chini kwenye vumbi mbele ya kibanda.

"Papa Amisi, ni mi. Ni mi niliitia. Ndani ya unga."

Amisi aliweka spana chini. "Ninajua, mama."

"Unajua nini?"

"Mama, mi nilikunywa ile buyi siku ine. Kutoka Kabambare mpaka ku ziwa, wallahi, hakuna muti hatukusimama. Mi na Gédéon, huyu upande huu, huyu upande ule. Mwenye moto alitukasirikia, alisema hajabebaka watu wa namna hii. Mi nilizani ni uzee." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Kisha kule Bukavu daktari wao akasema, ni dawa ya kukojoza. Nikamuangalia Gédéon. Naye akaniangalia."

"Gédéon naye anajua?"

"Anajua tangu zamani. Aliniambia, tangu nikiwa na miaka kumi ninajua mama ananisagiaka dawa ndani ya buyi. Ninakunywaka tu, juu ya kumufurahisha."

Amisi akasema yote. Gédéon alimshika mkono, akamwapisha. Baba amekufa mwaka mmoja tu, alimwambia, na mama ana tension. Akijua kwamba ni yeye aliyenimalizia mkanda, tutamzika naye. Na watu watasema nini? Kumtilia mtu dawa ndani ya chakula kwa siri, huku kwetu kitendo hicho kina jina lake, na mwanamke mjane akishapewa jina hilo halimtoki. Kamati ilipomwuliza ni nani anampikia, alijibu kwamba anajipikia mwenyewe. Waliona anadanganya, na kwa uongo huo hawakumpunguzia hata siku moja.

"Na weye ukaniacha nikutukane mbele ya soko yote," Marcelline akasema.

"Niliapa. Na ulitukana muzuri, mama, haukusahau hata marehemu mama yangu."

Marcelline alilia palepale chini, kwa sauti, bila kujificha, kwa ajili ya mzee huyu aliyebeba matusi yake miezi minne kama mtu anayebeba mzigo wa jirani, na kwa ajili ya mwanawe, ambaye alikuwa amemweka mama yake mgongoni bila kumwambia. Amisi alimwacha alie. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Unga uliobaki, aliokuwa ameuficha tangu Bukavu, ulikuwa humo.

Jioni Hidaya alikaa na karatasi kuandika barua ya rufaa. Alikuwa mwandishi mzuri, na alimpenda Marcelline. "Nitaandika ilikuwa kwa bahati mubaya," akasema. "Ulichanganya bila kujua."

"Nilijua, na niliitia kwa siri. Andika kwa siri."

"Mama, hii neno wataisoma na hapa. Karatasi inatembeaka."

"Niliapa uongo mara ngapi? Imetosha. Andika kwa siri."

Ilitembea kabla hata wino haujakauka. Kesho yake asubuhi shemeji yake Salomon, kaka mkubwa wa Placide, alifika nyumbani, akakataa kiti.

"Ninasikia unaandika kwamba ulimulisha mutoto dawa bila yeye kujua. Ndugu yangu naye alikufa miguu ikivimba. Yeye ulimupikia nini?"

Sijui kama kuna swali zito kuliko hilo. Marcelline akakikalia yeye kiti kile. "Nilimupikia miaka makumi ine na mbili," akasema. "Kama ningekuwa na dawa ya kumubakiza, ningeisaga yote." Salomon aliondoka bila kuaga. Naye Marcelline akajua kwamba hadi jioni jina lile litakuwa limefika kila mtaa, na kwamba akitaka kulizuia, lazima aliwahi.

Alifunga kitenge, akaenda sokoni. Hakukaa kwenye mashine. Alikwenda kusimama palepale aliposimama mwezi wa nane, mbele ya kibanda cha baiskeli, na watu walipomwona amesimama hapo tena, wakaacha vipimo na mizani zao wakaja. Walidhani ni raundi ya pili.

"Niliwaambia hakuna dawa ilipita ndani ya kinywa ya Gédéon," akasema. "Ilipita. Ni mi niliitia. Dawa yangu ya tension, niliisaga, nikaichanganya ndani ya unga, kwa siri, juu ya kuona miguu ya mutoto wangu imevimba. Huyu muzee nilimuita mutu mubaya hapa. Haiko mubaya. Alijua, na alininyamazia. Papa Amisi, ninakuomba musamaha mbele ya hawa wote walinisikia."

Nyuma kabisa mtu mmoja alianza kunong'ona lile neno. Marcelline alilisikia. Hapo ulimi wake, uliomwingiza matatani maisha yake yote, ukamtoa.

"Tena muniache nimalize! Na yeye Amisi aliikunywa! Siku ine! Muulizeni kutoka Kabambare mpaka ku ziwa alisimamisha moto mara ngapi!"

Watu wakamgeukia Amisi. Mzee, ambaye ni mtu wa heshima na wa swala tano, alijaribu kushika uso wake, ukamshinda. "Hakuna muti ulibakia," akasema.

Kicheko kilianzia kwa wauza dagaa. Kikaenda kwa mafundi, kikaenda kwa waendesha pikipiki, mama mmoja mnene akalazimika kushikiliwa. Ni vigumu sana kumwogopa mwanamke ambaye uchawi wake wote ni kumkojoza mzee wa watu njia nzima ya Kabambare. Wapo ambao hawakucheka. Nyumba ya Salomon haikumsalimu mpaka Pasaka, na wawili katika wale kumi na saba walihama chama. Lakini lile neno halikupata pa kukaa.

Gédéon alipiga simu kabla ya saa sita, maana habari za Kasongo hazisubiri pikipiki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimpandishia mama yake sauti.

"Mama, nilimwapisha Papa Amisi juu ya nini? Juu ya nini unajiweka ndani ya midomo ya watu? Hapana kutuma ile barua. Ninakukataza!"

"Unanikataza?"

"Ninakubeba, mama! Hauone ninakubeba?"

"Nimeona. Sasa nishushe," Marcelline akasema. "Weye haukunizaa. Ni mi nilikuzaa."

Barua iliondoka siku hiyohiyo pamoja na kopo la unga, na chini yake majina matatu: Hidaya aliyetoa vidonge, Amisi aliyekunywa, na la kwanza kabisa Marcelline, ambalo aliliandika mwenyewe kwa herufi kubwa kama za kwenye sare.

Jibu lilikuja mwezi wa pili. Unga ulipimwa, dawa ikaonekana. Miaka miwili ikawa miezi minane, na tayari saba ilikuwa imekwisha. Lakini ushindi haukurudi. Kanuni haziulizi nani alisaga, zinauliza kuna nini ndani ya mkojo. Raundi zile kumi zikaandikwa kama hazikupiganwa, na mkanda ukawekwa wazi kwa wengine.

Gédéon alimpigia mama yake mchana, mashine ikiwa inakwenda. Marcelline akaisimamisha.

"Mama, nitarudia kupigana mwezi wa ine."

"Mungu asifiwe."

"Ushindi wameufuta."

"Nimesikia."

Miezi yote ile, kila alipopiga simu, Gédéon alikuwa amesema niko sawa, ninakula vizuri, hapana kujali, kwa sauti ile ambayo watu huitumia karibu na kitanda cha mgonjwa. Mama yake aliingoja tena. Haikuja.

"Mama," Gédéon akasema, "inaniuma. Inaniuma sana. Nilimushinda ule mutu." Na akaanza kulia, mwanamume wa kilo sabini na mbili, kule bandarini, katikati ya watu na magunia.

Marcelline aliiweka simu vizuri sikioni, akakunja kitambaa cha mteja pembeni, na kwa ishara ya mkono akawanyamazisha mafundi wote wa upande ule.

"Lia, mutoto wangu," akamwambia. "Mi niko."